Nani Aliyepekecha Moto Huu?

Wachoraji wengi wanaouchora Ol Doinyo Lengai huupa moto usio wake. Nimeziona picha hizo kwenye maduka ya sanaa ya Mto wa Mbu na Arusha: mlima wenye ncha kali, anga la zambarau, na kutoka kileleni mto mwekundu unaoteremka kama uji uliofurika chungu. Picha inauzika, simlaumu mtu anayetafuta ada ya watoto. Lakini mlima huo umesimama katika tarafa yetu ya Sale, juu ya Engare Sero, na moto wake hauko hivyo. Lava ya Lengai ni ya pekee. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa ya namna ile. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava za kawaida. Hutiririka nyepesi kama mafuta, na mchana ukiitazama utadhani ni matope meusi. Wekundu wake hafifu huonekana usiku tu. Kisha ikikutana na unyevunyevu, kwa saa au siku chache tu, hugeuka nyeupe, hata mgeni akiutazama mlima kwa mbali huuliza kama kule juu kuna theluji.

Ni moto unaoanza mweusi na kuishia mweupe. Mchoraji aliyeupaka rangi nyekundu hakuutazama mlima. Alitazama picha nyingine ya mlima mwingine.

Ninaanza na jambo hili dogo kwa sababu nataka kuzungumzia moto katika sanaa ya siku zetu, na zaidi sana moto tunaouchora makanisani. Darasani tulisoma habari za Paul Ricoeur, mwanafalsafa Mfaransa, ambaye katika kitabu chake cha 1975 alitofautisha sitiari iliyo hai na sitiari iliyokufa. Iliyokufa ni kama "mguu wa meza": hakuna anayesema hivyo huku akifikiria mguu. Iliyo hai inakulazimisha usimame uone kitu upya. Sasa tujiulize kwa uaminifu: moto wetu uko upande gani? Tunasema kwaya ni moto, semina ya vijana ilikuwa moto, mhubiri ni wa moto. Tunauweka kwenye fulana za hija na kwenye mabango ya sikukuu ya somo wa parokia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 696, inaueleza moto kuwa ishara ya nguvu ya Roho Mtakatifu inayogeuza kila inachokigusa. Kinachogusa hugeuza. Fulana haimgeuzi mtu.

Suala hili limekuwa la kweli, si la darasani, katika kigango kimoja cha Sale ambako waamini wamemaliza kuezeka kanisa na sasa wanachangishana ili ukuta wa nyuma ya altare uchorwe Pentekoste. Mchoraji aliyeombwa ametuma sampuli kwa simu. Bikira Maria yuko katikati, mitume wamemzunguka, na juu ya vichwa vyao kuna ndimi nyekundu zenye ncha za njano, kama zile za kwenye kalenda. Wengi wameipenda. Nilipofika likizo nilikuta mabishano yamegawa jumuiya, na aliyeyaanzisha ni mama mmoja wa WAWATA ambaye kwa kawaida hasemi neno mikutanoni. Yeye hataki moto ukutani. Alisema amewahi kuona maboma yakiwaka na hataki kuyaona tena kila Jumapili wakati wa kupokea Komunyo.

Msomaji wa mbali huenda asielewe, kwa hiyo nieleze kwa kifupi. Katika wilaya yetu, upande wa Loliondo, maboma ya wafugaji yalichomwa moto wakati wa oparesheni za kuwaondoa watu kwenye maeneo ya malisho, mwaka 2009 na tena mwaka 2017. Mambo hayo yaliandikwa magazetini na kufika mahakamani. Sikusudii kuyahukumu hapa. Ninachosema ni kwamba mwili wa mama yule una kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo inaingia naye kanisani. Kwake moto si nembo.

Baadhi ya wanakamati wamemjibu kwamba ule ni moto wa Roho Mtakatifu, si ule mwingine. Jibu hilo ni sahihi katika mtihani wa katekesi, lakini ukutani halitoshi, kwa sababu rangi nyekundu haina maelezo chini yake. Mwinjili Luka anasimulia kwamba Yakobo na Yohane waliomba ruhusa waagize moto kutoka mbinguni uwateketeze Wasamaria walionyima Bwana mahali pa kulala, na Yesu akageuka akawakemea. Ni Luka yuleyule, katika Matendo, aliyeandika habari za ndimi za moto siku ya Pentekoste. Katika maandishi ya mtu mmoja kuna moto unaokemewa na moto unaopokelewa. Mchoraji asiyejua tofauti yake anaweza kuuchora ule wa kwanza akidhani anauchora wa pili.

Basi tofauti iko wapi? Nimejaribu kuitafuta kwa kutazama wasanii wengine wanavyoutumia moto.

Tuanze na kazi inayosifiwa sana Ulaya. Mwaka 2014, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo la Waanglikana mjini London, iliwekwa kazi ya video ya Bill Viola, Mmarekani, iitwayo "Martyrs", yaani Mashahidi. Ni skrini nne zilizosimama wima, na katika kila moja mtu mmoja anateswa na nguvu ya asili: udongo, hewa, maji, moto. Wa moto ameketi kitini, na ndimi zinadondoka kutoka juu moja moja mpaka zinamzunguka pande zote. Yeye hatikisiki. Kwa takriban dakika saba hakuna sauti. Ni kazi nzuri, sikatai. Nimeitazama mtandaoni mara kadhaa na kila mara nimenyamaza nayo. Lakini kuna mtu ambaye hayumo katika skrini ile: aliyeuwasha moto. Unashuka kama mvua, hauna mwenyewe. Shahidi anabaki bila muuaji, na mimi mtazamaji sina cha kujiuliza isipokuwa kustaajabia utulivu wake.

Linganisha na Namugongo, kwa jirani zetu Uganda. Tarehe 3 Juni 1886 vijana Wakatoliki na Waanglikana walichomwa pale pamoja kwa amri ya Kabaka Mwanga, wamefungwa ndani ya matete. Karoli Lwanga alikuwa ametengwa na kuchomwa peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Leo kuna kumbukumbu mbili karibu karibu. Katika makumbusho ya Waanglikana utakuta sanamu zenye ukubwa wa binadamu: vijana waliofungwa, kuni, na watesaji wakiwa kazini. Watesaji wana nyuso. Simulizi inamtaja hata kiongozi wao, Mukajanga, ambaye kijana wa nyumbani kwake, Mbaga Tuzinde, alikuwa miongoni mwa waliohukumiwa, na aliuawa kwa pigo kabla ya kutupwa motoni. Upande wetu Wakatoliki, Basilika iliyosanifiwa na Mswisi Justus Dahinden na kutabarukiwa mwaka 1975 imetoa jibu jingine kabisa. Ina umbo la nyumba ya Kiganda, imezungukwa na nguzo 22 za shaba kwa idadi ya mashahidi waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, na altare imewekwa mahali alipochomwa Lwanga. Msanifu hakujenga mwali. Alijenga nyumba juu ya majivu.

Mimi nazipenda zote mbili, na nadhani sababu ni moja. Makumbusho yanakuonyesha nani aliwasha. Basilika inakuonyesha nini kilibaki. Sanaa ya moto ikijibu walau moja ya maswali hayo, inaanza kuwa kweli. Isipojibu hata moja inabaki kuwa mapambo, hata kama imetengenezwa kwa ustadi wa Viola.

Mfano mwingine si wa wasanii kwa jina, ila nauhesabu humu kwa sababu ulitungwa utazamwe. Tarehe 18 Julai 1989 Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe za ndovu katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na tarehe 30 Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta akawasha tani 105. Pembe haziwaki kirahisi. Mwaka 2016 mafuta yalipitishwa kwa mabomba hadi kwenye marundo ili yashike. Picha za marundo yale zimezunguka dunia kuliko mchoro wowote wa Afrika Mashariki ninaoujua. Unaweza kubisha kwamba mali ile ingejenga shule. Lakini huwezi kuuliza nani aliwasha. Mkuu wa nchi alisimama na kijinga mkononi, mbele ya watu, na kubeba lawama na sifa pamoja. Moto ule una mwenyewe.

Hapo ndipo ninaporudi nyumbani, kwa sababu suala la mwenye moto wazee wetu walilijua kabla ya Viola na kabla yangu.

Kwa Wamaasai, rika jipya la vijana haliundwi na vijana wenyewe. Linawashiwa moto. Wazee wa rika lililo la pili juu yao hukaa, huchukua kijiti kigumu kiitwacho olpiron, hukisimamisha juu ya kipande cha mti laini na kukipekecha kwa viganja mpaka moshi utoke na cheche zishike. Watalii huonyeshwa kupekecha huku wakipiga picha, na hudhani wameonyeshwa ufundi wa kuwasha moto bila kiberiti. Kumbe ufundi ndio sehemu ndogo. Kuanzia siku ile wazee waliopekecha huitwa kwa jina la kijiti chenyewe, nao ndio walezi wa rika hilo: wanalifundisha, wanaliadhibu, wanalibariki, na wana uwezo wa kulilaani. Vijana wakiharibu, watu hawaulizi tu "vijana hawa ni wa nani?" Wanauliza nani aliwapekechea moto. Kijiti kimekuwa sitiari, na sitiari hiyo iko hai kwa sababu kuna watu wanaodaiwa kwa ajili yake.

Katikati ya miaka ya 1960 padre mmoja wa Shirika la Roho Mtakatifu, Mmarekani Vincent Donovan, alikuwa akihubiri kutoka misioni ya Loliondo. Kitabu alichochapisha mwaka 1978 kinasomwa katika seminari nyingi duniani, ingawa nimewakuta Wakatoliki wa Ngorongoro wasiojua kwamba kinawahusu babu zao. Alipotafuta neno la Kimaasai la kuliita Kanisa, lililopatikana ni orporor, rika: Kanisa ni rika la Mungu. Sijui mtu aliyewahi kulisukuma neno hilo hatua moja mbele, nami nalisukuma hapa. Kama Kanisa ni rika, basi lazima liwe limepekechewa moto. Siku gani? Pentekoste. Na aliyepekecha ni nani? Hapo ndipo ndimi za moto zinapoacha kuwa kalenda. Zinakuwa tendo la Mungu kujifunga kwa watu wake, kukubali kuulizwa habari zao. Petro akiteleza, swali la wazee linapanda hadi juu: nani aliwapekechea hawa? Naye hakani.

Najua wapo watakaosema frateri anachanganya dini na mila. Hoja hiyo ni nzito na sitaipuuza, hasa kwetu ambako jina la mlima wenyewe maana yake ni Mlima wa Mungu, na watu bado hupanda kuuomba. Kuchora Lengai nyuma ya altare kungeleta mkanganyiko mkubwa, na hapo niko upande wa makatekista. Lakini kijiti si mungu, na hakuna mtu aliyewahi kukiabudu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia namba 123, ulitamka wazi kwamba Kanisa halikuchukua mtindo mmoja wa sanaa na kuufanya wake. Ndimi nyekundu za kalenda nazo ni mtindo wa mahali fulani, wa karne fulani, tumezizoea tu.

Hoja ya pili inatoka kwa Wabatemi, ambao wengine huwaita Wasonjo, na kwa kweli ni hoja kali kuliko ya kwanza. Wao ni wakulima wa mifereji, wamekaa Sale tangu enzi, na katika kigango hicho ni wengi. Kwa nini ukuta wao upambwe kwa kijiti cha Wamaasai, hasa tukikumbuka kwamba majirani hawa wamewahi kushikiana silaha? Jibu langu ni kwamba kupekecha moto si mali ya kabila moja. Kiswahili chenyewe kimehifadhi majina ya vifaa vyake: ulindi ni kile kijiti kinachozungushwa, na wimbombo ni kile kinacholala chini. Mswahili wa pwani aliyetunga majina hayo hakuwa morani. Kilicho cha Wamaasai ni jina la walezi na utaratibu wa marika, na hivyo havihitaji kuandikwa ukutani. Vijiti viwili havina kabila.

Hata taifa letu lilizaliwa na sitiari ya namna hii. Mwaka 1959 Mwalimu Nyerere, akiwa bungeni kabla ya Uhuru, alisema angependa tuwashe mshumaa juu ya Kilimanjaro uangaze hata nje ya mipaka, pale penye chuki ulete upendo, pale pasipo tumaini ulete tumaini. Yeyote aliyesali sala ya amani inayohusishwa na Mtakatifu Fransisko anaisikia ndani ya maneno hayo. Usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha Mwenge kileleni. Leo Mwenge unapita wilayani kila mwaka, tunafagia barabara na kupaka chokaa mawe. Sijui ni wangapi kati yetu wanaofikiria chuki na tumaini unapopita.

Sasa ukuta. Maoni yangu, niliyoiandikia kamati na ninayoyarudia hapa kwa kuwa vigango vingine navyo vinajenga, ni kwamba sampuli ya simu irudishwe kwa heshima na mchoraji aombwe aje akae Sale wiki moja kabla ya kushika brashi. Ukuta wa chini uwe na rangi za lava ya Lengai bila mlima wenyewe: nyeusi inayopanda na kugeuka kijivu, kisha nyeupe. Mitume na Mama Maria wawe katikati ya weupe huo, na juu ya kila mmoja doa dogo la mwanga, si mwali. Luka mwenyewe anaandika kwamba zilikuwa kama za moto, na neno "kama" linastahili kuchorwa pia. Chini kabisa, karibu na altare mahali watoto wanapokaa, vichorwe viganja viwili vya mzee vikizungusha ulindi. Kwenye viganja hivyo kuwe na alama za misumari.

Kisha nyayo. Engare Sero kuna nyayo za watu wa kale zaidi ya 400, zilizohifadhiwa katika tope la majivu ya Lengai, na Laetoli, katika wilaya hiihii, zipo nyingine za miaka milioni 3.6 zilizokutwa katika majivu ya volkano mwaka 1978. Wazee husema moto huzaa jivu, na husema hivyo kwa masikitiko, juu ya baba hodari aliyezaa mtoto goigoi. Ngorongoro imeonyesha kwamba jivu nalo hutunza kitu: hatua za watu waliopita. Ningependa nyayo hizo zianze kwenye sakafu ya weusi ukutani na kutoka kuelekea mlangoni, jinsi wale wa Yerusalemu walivyotoka ghorofani.

Nilimpelekea mama wa WAWATA maelezo haya kabla ya mtu mwingine yeyote, nikamsomea barazani kwake. Alisikiliza hadi mwisho. Aliniuliza viganja vitakuwa vya nani, nikamwambia vya Yesu. Akauliza kama vitaonekana kutoka benchi la nyuma, upande wa wanawake, maana huko ndiko anakokaa. Kwa vipimo vya kanisa lile haviwezi kuonekana vikichorwa chini karibu na altare. Nimeiandikia kamati tena kwamba vipandishwe hadi usawa wa tabernakulo na viwe vikubwa, kila kiganja kisipungue mita moja. Mchoraji amejibu kwamba gharama ya rangi nyeupe itaongezeka, kwa sababu ukuta ule unavuja upande wa kaskazini na utahitaji kupigwa lipu upya kwanza.